Daraja ya Kati: Asili ya Cheo cha QA2 kwa Mbwa Waokotaji wa Marekani

Katika mashindano ya mbwa waokotaji wa windo yafanywayo Marekani, nchi ambayo baadhi yetu tumeifanya maskani, kumeingizwa cheo cha kati kiitwacho QA2, ambacho huandikwa nyuma ya jina la mbwa katika daftari la chama cha American Kennel Club. Na kwa kuwa msomaji wa Kiswahili aghalabu hajapata kuelezwa mashindano hayo yalivyo, nimeona ni wajibu kulifuata jambo hili tangu chimbuko lake, ili asiyelijua asilihukumu kwa dhana.

Kazi ya mbwa mwokotaji si kumkimbiza mnyama wala kumwua, bali ni kumletea mwindaji ndege aliyekwisha kupigwa bunduki, awe ameangukia katika majani marefu ya nchi kavu au katika matete ya majini, na kumkabidhi mkononi pasipo kumtafuna. Ili kuupima ustadi huo, chama cha Labrador Retriever Club kilifanya shindano lake la kwanza tarehe 21 Desemba 1931, huko Chester katika jimbo la New York. Siku zile mchezo ulikuwa wa matajiri na wafunzaji wao, na baadhi ya wafunzaji hao walitoka Scotland. Mmoja wao, Dave Elliot, aliyemtumikia tajiri Jay Carlisle, ndiye asifiwaye kwa kuwaonyesha Wamarekani namna ya kumwongoza mwokotaji kwa filimbi na ishara za mkono, kwa mfano wa wachungaji na mbwa wao wa kondoo. Mwaka 1938 Labrador mweusi aitwaye Blind of Arden alitokea katika jalada la gazeti la Life. Mwaka 1941 likafanywa shindano la kwanza la ubingwa wa taifa, akashinda King Midas of Woodend wa aina ya Golden. Na King Buck, bingwa wa 1952 na 1953, akapata heshima ya kuchorwa katika stempu ya serikali ya wawindaji wa bata ya mwaka 1959. Kadiri sifa zilivyoenea ndivyo washindani walivyoongezeka, na kadiri walivyoongezeka ndivyo waamuzi walivyolazimika kuufanya mtihani kuwa mgumu zaidi.

Mtihani wenyewe ni wa namna mbili. Ya kwanza ni ya kumbukumbu: ndege kadhaa huangushwa mahali mbalimbali mbele ya macho ya mbwa, naye, akiwa ameketi bila ya kamba ubavuni mwa mwongozaji wake, hana ruhusa ya kuondoka mpaka atumwe, kisha huwafuata mmoja baada ya mmoja, akikumbuka kila mmoja alikoangukia. Katika daraja za juu ndege hao hufika watatu au wanne, pengine kwa masafa ya yadi 300 au zaidi, na watu waliowarusha huweza kujificha, ili mbwa asibakiwe na dalili ila ile iliyomo katika fahamu zake. Ya pili ni ya utii: ndege hufichwa mahali anapopajua mwongozaji lakini mbwa hakupaona, na mbwa huelekezwa huko kwa mlio wa filimbi na ishara ya mkono, akivuka mitaro na maji na upepo umvutao kando, akisimama na kugeuka kila asikiapo mlio. Kuyakusanya mambo haya mawili katika kiumbe mmoja ni kazi ya miaka, maana mbwa aachiwaye kutegemea fahamu zake peke yake huwa mkaidi, na azoezwaye kuamrishwa tu hupoteza ujasiri wa kutafuta.

Safari huanzia katika shindano la Derby, la mbwa wasiotimia miaka miwili, ambamo hupimwa kumbukumbu peke yake. Hufuata shindano la kufuzu, ambamo utii huingia pamoja na kumbukumbu. Juu ya hayo ndiyo mashindano ya mbwa wa umri wote, lile la wazi, ambamo wafunzaji wa kazi hushindana na kila mtu, na lile la ridhaa. Ubingwa wa uwandani, katika shindano la wazi, hutaka alama 10, na wa kwanza hupata alama 5, wa pili 3, wa tatu 1, na wa nne nusu alama. Tena hakuna awaye bingwa pasipo kushinda nafasi ya kwanza walau mara moja. Makumi ya mbwa huingia katika shindano moja, na wanne tu ndio watokao na alama, hata mbwa hodari huweza kuzeeka angali chini ya kizingiti.

Hapo ndipo palipokuwa na upungufu. Baina ya mwanafunzi na bingwa daftari halikuwa na daraja yoyote, kana kwamba katika jahazi kuna baharia na nahodha, lakini serahangi hana jina. Wenyewe walitambuana kwa desturi: mbwa aliyeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika shindano la kufuzu, au aliyepata nafasi au sifa ya waamuzi katika lile la umri wote, alihesabiwa kuwa amestahili kusimama na wakubwa, na wafugaji wa Golden waliandika nyota tatu nyuma ya jina lake katika nasaba. Lakini desturi si daftari. Na tangu mwaka 1985, chama cha American Kennel Club kilipoanzisha mitihani ya uwindaji, ambayo mbwa hufaulu kwa kutimiza kipimo bila ya kumshinda mwenziwe, mwenye kufuata njia hiyo alipewa vyeo vitatu kwa hatua, hali yule aliyechagua kushindana aliweza kufa bila hata kimoja.

QA2 imekuja kuliziba pengo hilo. Masharti yake ni yale yale ya desturi ya zamani, ila hutakiwa yatimie mara mbili, na sharti hili la pili ndilo lenye uzito wote. Msomaji wa pwani atakumbuka alilolisoma chuoni: Sura ya Maida, katika aya ya nne, imehalalisha windo la wanyama waliofunzwa, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani yetu, wakaeleza alama za mbwa aliyefunzwa, kwamba atumwapo huenda, azuiwapo huacha, na akamatapo hali, tena hawakuridhika kuziona alama hizo mara moja, bali walitaka zikaririwe mpaka wenye ujuzi waamini kuwa zimekuwa tabia yake. Kanuni ya Wamarekani haikutoka huko, lakini hekima ni moja: la mara moja huweza kuwa bahati ya upepo mwema au washindani dhaifu, na lililokaririwa ni ushahidi.

Wako wasemao kwamba vyeo vikizidi heshima ya ubingwa hupungua. Hofu yao ina msingi, kwa kuwa cheo kitolewacho bure hukiondolea thamani kile kilicho juu yake. Ila hiki hakitolewi bure, wala hakikumpunguzia bingwa alama hata moja katika zile 10 zimpasazo. Kilichoongezeka ni ukweli ulioandikwa. Mwenye kununua mtoto wa mbwa hujua wazazi walithibitisha nini, mfugaji hujua damu ipi ya kuihifadhi, na mtu wa kipato cha kawaida, afundishaye mbwa wake mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda kazini, hupata lengo ambalo juhudi yaweza kulifikia. Wenye kushika daftari la sifa wameshika amana, na amana hiyo haitimii kwa kumwandika mshindi peke yake. Nami naona waliokiandika cheo hiki wametenda haki.