Kinyonga Apande Bila Kuanguka

Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii kwa jina la kisayansi, asili yake ni nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ukiwemo Mlima Meru. Mwaka 1972 baadhi yao walipelekwa Hawaii kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, na leo wamezaliana mwituni huko. Nchini Kenya na Tanzania ni wanyamapori wanaolindwa na sheria, hivyo hawafugwi bila kibali.

Maisha ya mnyama huyu ni ya mtini. Vidole vitano vya kila mguu vimeungana katika mafungu mawili yanayokabiliana, na mguu hulibana tawi kama koleo. Mkia nao hujizungusha kwenye tawi ili kumshikilia. Tofauti na mkia wa mijusi wengi, wa kinyonga ukikatika hauoti tena. Kwa hiyo usalama wake huanzia kwenye kile anachoshika.

Tundu linalomfaa ni refu kwenda juu. Kwa kinyonga mzima, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 120 ni kipimo kizuri. Wavu uwe wa matundu madogo na wenye ngozi ya plastiki, kwa kuwa waya mtupu hunasa makucha. Akiwa ameng'ang'ania wavu asivutwe, maana ukucha unaweza kung'oka. Kinachofaa ni kumwekea mkono au kijiti mbele ya kifua, kisha kumsubiri apande mwenyewe.

Matawi yawe ya unene mbalimbali, mengine yamelala na mengine yameinama. Tawi zuri ni lile ambalo vidole vinalizunguka zaidi ya nusu. Kila tawi lifungwe ncha zote mbili na kujaribiwa kwa kulikandamiza kwa mkono. Yapangwe karibu karibu, ili kinyonga avuke bila kujirusha. Mbao zenye rangi au zilizopuliziwa dawa hazifai, wala kamba zinazochanika, kwa sababu nyuzi zake hukaza kwenye kidole na kuzuia damu.

Taa ya joto ifungwe nje ya wavu, na tawi la juu kabisa liwe chini yake kwa sentimita 20 hivi au zaidi. Joto lipimwe pale mgongo wa kinyonga unapofika; kwa aina hii lisizidi nyuzi 29 za Selsiasi. Taa ikiwa karibu mno, anaweza kuota joto hadi ngozi ya kichwa au mgongo ikaungua. Chini pasiwe na mawe wala kitu chenye ncha.

Hata hivyo, kinyonga mwenye afya haanguki ovyo. Anayeanguka mara kwa mara, anayetetemeka akipanda, aliyepinda miguu, au anayeshika mguu wake mwenyewe badala ya tawi, huenda mifupa yake imelainika. Chanzo kikuu ni upungufu wa kalisi na wa mionzi ya urujuanimno aina ya B, inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Taa maalumu ya mionzi hiyo, pamoja na unga wa kalisi unaonyunyizwa juu ya nyenje na wadudu wengine anaolishwa, huzuia hali hiyo. Dalili zikishaonekana, apelekwe mapema kwa daktari wa mifugo, na matawi yashushwe karibu na sakafu hadi mshiko wake urudi.