Mgeni wa Kariakoo Hatafuti Ufukwe

Karibu kila anayeniuliza namna ya kupata wageni wa siku mbili tatu ana picha ya Zanzibar kichwani: shuka nyeupe, minazi, bahari dirishani. Dirishani kwangu mimi kuna nyaya za umeme, paa la duka la simu na vijana wanaoshusha mabelo. Nyumba yangu ni vyumba viwili na sebule, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Aggrey. Wageni ninao, na siri yake ni moja: najua nani anakuja Kariakoo na amefuata nini.

Wa kwanza ni mfanyabiashara. Nchi nzima inachukua mzigo hapa, kuanzia Mbeya na Songea mpaka Mwanza na Kigoma. Kutoka nje wanakuja wa Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Bujumbura na Moroni. Mtu huyu anataka kulala karibu na maduka, aamke mapema, azunguke Mtaa wa Congo na Narung'ombe kabla jua halijachoma, kisha mzigo wake ukae mahali salama mpaka wakala wa usafirishaji aje kuuchukua. Mama mmoja wa Tunduma alinipigia simu, na hata bei hakuigusa. "Dada, belo linapita mlangoni?" Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikaibana kwenye fremu ya mlango, nikapiga picha inayoonyesha sentimita zenyewe, nikamtumia. Alilipia jioni ile ile. Picha hiyo ipo kwenye tangazo langu mpaka leo, ya nne kutoka juu, na wanaoniuliza habari zake ni wengi kuliko wanaouliza kitanda.

Wa pili ni anayeuguza. Hospitali ya Taifa Muhimbili ipo Upanga, mwendo mfupi wa bajaji kutoka Kariakoo, na ndani ya eneo lake zimo MOI ya mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ndugu wa mgonjwa hajui atakaa siku ngapi. Anahitaji jiko, sufuria ya uji, chupa ya chai ya kubeba wodini, na bei ya wiki ambayo haitammaliza. Mimi bei hiyo nimeiandika wazi kwenye tangazo. Mtu mwenye mgonjwa hana nguvu za kubembelezana.

Wa tatu huja kwa msimu. Simba makao yao yapo Mtaa wa Msimbazi na Yanga wapo Twiga na Jangwani, kwa hiyo wiki ya watani wa jadi mashabiki wa mikoani wanapenda kulala huku huku kwenye shamrashamra, ingawa mechi ni Uwanja wa Mkapa, Temeke. Halafu kuna Sabasaba mwezi wa saba, kuna kabla ya Idi na Krismasi, na kuna Januari ya sare na madaftari. Kalenda yako ya bei ifuate hiyo, maana majira ya watalii ya Serengeti hapa hayana habari.

Sasa tuje kwenye mitandao. Airbnb ilianza San Francisco mwaka 2008, na mwaka uliofuata waanzilishi wake waligundua kwamba matangazo ya New York yalikuwa yamedoda kwa sababu ya picha mbovu. Wakakodi kamera, wakapita nyumba hadi nyumba wakipiga picha wenyewe, na mapato yakapanda. Somo hilo linafanya kazi Kariakoo kama lilivyo. Piga asubuhi, pazia likiwa wazi, simu ukiishika usawa wa kifua. Onyesha kitanda, lakini onyesha pia mita ya luku, simtanki, ngazi au lifti, komeo la mlango wa chuma, soketi iliyo karibu na kitanda na kona ya kuweka mzigo. Mgeni wa kazi anasoma picha kama anavyokagua bidhaa: anatafuta kasoro. Akikuta umeshamjibu, anatulia.

Tangazo jipya halina nyota. Kwenye Airbnb wastani wa nyota hauonekani mpaka wageni watatu waandike maoni, kwa hiyo hao watatu ndio mtaji wako wa kwanza. Mtandao wenyewe humpa mwenyeji mpya nafasi ya kupunguza asilimia 20 kwa wageni watatu wa mwanzo. Ichukue. Wakati huo usihesabu faida, hesabu maoni. Jibu ujumbe haraka, hata kama jibu ni "ngoja niulize". Hadhi ya Superhost inataka, pamoja na mengine, wastani wa nyota 4.8 na kujibu asilimia 90 ya wanaokuuliza, na hupimwa kila baada ya miezi mitatu. Usiku ukiwa na mgeni tayari, funga kalenda saa hiyo hiyo. Kumfutia mtu nafasi aliyokwisha kuilipia kunakuchafua vibaya.

Wengi wanaogopa kusema ukweli kuhusu kelele. Mimi nimeuandika mstari wa pili: "Hapa ni katikati ya soko. Vipaza sauti vya wauza nguo vinaanza asubuhi, adhana ya alfajiri inasikika vizuri, chumba cha nyuma ndicho kimya." Anayetaka ukimya ataenda Mbezi Beach na hatakuja kuniandikia nyota mbili. Anayebaki ni yule ambaye kelele hizo ndizo zilizomleta. Tangu jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, kuna wageni wanaouliza pia kuhusu ghorofa lenyewe: la mwaka gani, kuna ujenzi unaoendelea chini, mlango wa dharura uko wapi. Maswali hayo ni ya haki. Jibu unachokijua, na kama huna majibu, kamuulize mwenye jengo kabla hujamlaza mtu humo.

Kisha mpokee mtu njiani. Airbnb humwonyesha mgeni eneo la jumla tu mpaka atakapothibitisha, na Kariakoo ramani ya simu inaweza kukuacha uso kwa uso na ukuta. Kwa hiyo nina ujumbe wa sauti wa kumtumia kila anayekuja: ukitoka Stendi ya Magufuli panda mwendokasi, ushuke Msimbazi Polisi, usimpe mtu begi akubebee, nipigie ukiwa kituoni. Kijana wangu hushuka kumpokea. Anayetoka Dodoma kwa SGR naye ana ujumbe wake, na anayetua uwanja wa ndege namtajia nauli ya bajaji mapema asije akachajiwa kama mgeni.

Usitegemee mtandao peke yake. Wageni wangu wengi sasa hivi wanaletwa na watu: wakala wa mizigo ya Zambia, mama lishe wa chini, mwenye duka la vitenge ambaye wateja wake wa Kongo humuuliza pa kulala. Wapelekee namba yako, na dalali akikuletea mtu mpe chake siku hiyo hiyo, usimzungushe. Ila mgeni aliyekukuta Airbnb alipie Airbnb. Kumshawishi alipe pembeni ni kosa kwao, wanaweza kukufungia, na yeye mwenyewe atakosa pa kulalamikia.

Hesabu za biashara hii ni hizi. Tuseme nyumba unaipanga kwa 600,000 kwa mwezi na unauza usiku kwa 55,000. Luku, maji, dobi na msafishaji wakichukua 15,000, unabaki na 40,000. Basi usiku 15 wa kila mwezi unafanya kazi ya kurudisha kodi tu, na kamisheni ya mtandao bado. Wageni wa punguzo la asilimia 20 wanalipa 44,000, wanakuachia 29,000. Kama huoni usiku 20 kwa mwezi ukijaa hapo ulipo, mpangaji wa kudumu ni biashara nzuri kuliko hii, na hana haja ya kubadilishiwa shuka.

Na kama nyumba si yako, mwenye nyumba aridhie kwa maandishi. Mkataba wa kupanga ili uishi haukupi ruhusa ya kulaza wageni wa kulipa, na majirani wa ghorofa moja hawachelewi kulalamika wakiona sura mpya kila wiki. Pata TIN, nenda TRA uelezwe kodi inayokuhusu, na suala la leseni kaulize Jiji: tangu Februari 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala, Kariakoo ikiwamo, ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Weka daftari la wageni lenye jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, siku ya kuingia na ya kutoka. Mjumbe akipita, au polisi akiuliza, unafungua daftari, mnaagana salama.

Kwa hiyo kabla hujanunua shuka mpya, shuka kwanza barabarani. Kaa asubuhi moja kwa mama lishe, usikilize wenye mabegi wanaulizana nini: wanalala wapi, wanalipa ngapi, kimewakera nini walikotoka. Hayo yaandike, ndiyo tangazo lako.