Abate aliyekataa zaka, na warithi wake waliokimbia

Sokoni Nakivale, wilayani Isingiro, utakuta mahindi na maharage yakisubiri gari la Mbarara, na wauzaji wengi ni Wakongomani. Waliotoka Masisi wanaijua Mokoto, monasteri ya Watrapisti huko Kivu Kaskazini. Mei 1996 Watutsi waliokuwa wamekimbilia humo walivamiwa, wengi wakauawa, na wamonaki nao wakalazimika kuondoka.

Mizizi ya wamonaki hao iko Ufaransa. Mwaka 1098 kundi dogo liliacha abasia yenye neema likaanza upya huko Cîteaux, ndipo likapata jina la Wasitoo. Mwaka 1113 alibisha hodi kijana wa ukoo wa kikabaila, Bernardo, akifuatana na ndugu na rafiki wapatao 30. Miaka miwili baadaye alitumwa kuanzisha Clairvaux. Alipofariki mwaka 1153, shirika lilikuwa na nyumba zaidi ya 300.

Kilichowatofautisha ni namna ya kujipatia riziki. Abasia nyingi ziliishi kwa zaka, kodi za mashamba na jasho la watu wengine. Wasitoo walikataa vyote hivyo, wakashika jembe wenyewe, pamoja na mabradha wasiojua kusoma. Hata hivyo, mtu asimfanye Bernardo malaika: ndiye aliyehubiri vita vya pili vya msalaba mwaka 1146, vilivyoishia kwa aibu na maiti.

Kwa mfanyabiashara, lililo tamu zaidi liko katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo Bernardo alitaka ifuatwe barabara. Sura ya 57 inaagiza kwamba bidhaa za monasteri ziuzwe bei nafuu kidogo kuliko za watu wa kawaida, na wauzaji wasidanganye. Agizo zuri, lakini mchuuzi wa Mbarara atauliza mara moja: mmonaki hana mke wala karo za watoto, na hula alicholima, mimi ninayelipia nauli, ushuru na kibanda nitashindanaje naye? Swali lake ni la haki. Wasitoo wa Uingereza walifuga kondoo kwa maelfu, wakawa wakubwa katika biashara ya sufu, na ndani ya karne moja waliokataa utajiri walikuwa wakilaumiwa kwa uroho. Clairvaux yenyewe ilikuwa jirani na Bar-sur-Aube, mji wa gulio lililokutanisha wafanyabiashara wa Flanders na Italia.

Watrapisti, tawi lenye masharti makali lililotokana na marekebisho ya karne ya 17, ndio walioleta desturi hiyo kwetu. Mwaka 1956 wamonaki kutoka Uholanzi walianzisha nyumba Lumbwa, yaani Kipkelion, nchini Kenya. Wakafanya kazi hapo nusu karne. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipowaka katika Bonde la Ufa, usalama ulitoweka, na mwaka 2008 wakavuka mpaka kuingia Uganda.

Hawakufika Nakivale. Walipokewa jimbo la Masaka, ambako masista wa shirika hilohilo walikuwa wameshakaa Butende tangu miaka ya 1960. Nyumba yao mpya iko Kijonjo.