Simu ya mkononi: tarakimu zipi zitazamwe kabla ya kununua?

Leo tunaizungumzia ile orodha ya tarakimu inayobandikwa kando ya kila simu ya mkononi dukani.

Msikilizaji wetu mmoja anayeishi Marekani alimnunulia mama yake aliyeko Tanga simu mpya. Alichunguza kamera, akapima kioo, akalinganisha bei kwa muda wa wiki mbili. Simu ilipofika Tanga na kadi ya mama ilipotiwa ndani, kioo kilionyesha kwamba kadi hiyo haikubaliki. Simu haikuwa mbovu, ila ilikuwa imefungwa na kampuni iliyoiuza ili itumie laini za kampuni hiyo pekee. Mshahara wa siku kadhaa ukawa umekwenda kwa kitu kisichoweza kupiga wala kupokea simu.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tarakimu zinazoandikwa kwa herufi kubwa ndizo zinazouza simu. Lakini zinazoamua iwapo simu itafanya kazi huandikwa kwa herufi ndogo, na pengine haziandikwi kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza si ukubwa wa tarakimu, bali ni hili: simu hii itatumika wapi, na nani?

Kufuli na kadi

Nchini Marekani, simu inayolipiwa kidogo kidogo kwa kawaida hubaki imefungwa mpaka deni limalizike. Nchini Uingereza, tangu Desemba 2021 makampuni ya simu hayaruhusiwi kuuza simu zilizofungwa, lakini zile kuukuu zilizouzwa kabla ya hapo bado zimo mikononi mwa watu. Muulize muuzaji waziwazi kama simu imefunguliwa kwa mitandao yote, kisha ijaribu kwa kadi ya kampuni nyingine kabla hujaondoka dukani.

Jambo la pili ni mahali pa kutilia kadi. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu la kadi. Hutumia laini ya kielektroniki, inayoingizwa katika simu kwa njia ya programu. Mwaka 2025, kwa toleo la iPhone 17, utaratibu huo uliingia pia Oman, Qatar, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Baadhi ya makampuni ya Afrika Mashariki hutoa laini ya namna hiyo, lakini mara nyingi mwenye namba hutakiwa kufika dukani na kitambulisho chake. Kwa mzee aliye mbali na mji, ambaye akiba yake imo katika M-Pesa kwa namba ileile, hilo si jambo dogo.

Masafa ya mawimbi

Simu ni redio, na kila redio ina masafa yake. Mitandao ya kizazi cha pili katika Afrika Mashariki, Ulaya na nchi za Ghuba ilijengwa juu ya megahezi 900 na 1800, ilhali Marekani walichagua 850 na 1900. Simu nyingi za leo hushika masafa yote hayo. Tatizo limebaki zaidi katika kizazi cha nne, hasa kwa simu za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya Marekani.

Katika orodha ya sifa, masafa ya kizazi cha nne huandikwa kwa herufi B na namba. B3 ni megahezi 1800, B20 ni 800, na B28 ni 700. Masafa ya chini husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, ndiyo maana hufaa sana vijijini. Simu isiyo na masafa hayo huenda ikafanya kazi vyema mjini, lakini ikifika shamba mtandao ukapotea.

Kumbukumbu mbili

Wengi huchanganya aina mbili za kumbukumbu, kwa kuwa zote hupimwa kwa gigabaiti. RAM ni kama meza ya kazi: kadiri ilivyo pana, ndivyo programu nyingi zinavyoweza kufunguliwa kwa pamoja. Hifadhi ni kabati, ambamo picha na sauti huwekwa. Ukiona RAM imeandikwa "8 + 8", fahamu kuwa ile nane ya pili imeazimwa kutoka kabatini, nayo ni ya polepole mno. Meza halisi ni ile nane ya kwanza. Aidha, mfumo wa simu wenyewe huchukua sehemu ya kabati kabla hujaweka picha hata moja.

Kamera na betri

Hapa ndipo tarakimu hutia chumvi. Megapikseli ni idadi ya nukta zinazounda picha, si ubora wake. Samsung Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020 ilitangazwa kwa megapikseli 108, lakini kwa kawaida iliunganisha nukta tisa kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12. Kinachofaa zaidi ni ukubwa wa kihisi kinachopokea mwanga. Njia rahisi ya kukipima ni kupiga picha ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, kisha kuikuza.

Betri hupimwa kwa miliampea-saa, na 5000 ni kiasi cha kawaida leo. Hata hivyo, kioo king'aacho sana na mtandao dhaifu huimaliza upesi, kwani simu iliyo mbali na mnara hutumia nguvu nyingi kuutafuta. Tazama pia chaja: ikiandikwa 100-240, itastahimili umeme wa Marekani na wa Afrika Mashariki. Ila plagi ya Marekani haiingii katika soketi za matundu matatu za Kenya, Tanzania, Uganda na Oman.

Umri wa simu

Muulize muuzaji kampuni itaendelea kutoa masahihisho ya usalama kwa miaka mingapi. Google, kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung, kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidi miaka saba. Simu nyingi za bei ya chini huahidi miaka michache tu, na ikiwa simu ni kuukuu, sehemu ya muda huo imekwisha kupita. Simu isiyopata masahihisho ni mlango usio na komeo, na nyuma ya mlango huo ndimo zilimo fedha za mama.

Mwisho, bonyeza *#06#. Tarakimu 15 zitakazotokea ndizo utambulisho wa simu, nazo zilingane na zile za kwenye kasha. Kenya mwaka 2012, na Tanzania Juni 2016, zilizima simu bandia, na walionunua bila kuchunguza walibaki na vifaa visivyo na mtandao.

Yule msikilizaji wetu alimaliza kulipa deni, simu ikafunguliwa, na mama akapiga mwenyewe kutoka Tanga. Lakini ilikuwa baada ya miezi mitano. Swali moja dukani lingetosha.