Afya: Maharagi yanapatana na ndimu kuliko chai

Huku Kivu kila chakula kina mwenzake wa kunywa. Mandazi ya asubuhi yanaitana na chai ya moto. Sambaza za kukaanga, zikiwa na pilipili na ndimu pembeni, zinaitana na Primus ya baridi. Fromaji ya Masisi inakwenda na mukate na kahawa. Upande wa Bushi, watu wanajua utamu wa bugali na mashanza, na kwenye sherehe kasiksi haikosi karibu na makemba na nyama ya kuchoma.

Watu wanachagua kwa utamu, kwa desturi na kwa kadiri ya franga iliyo mfukoni. Lakini kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa macho: kinywaji kinaweza kuongeza faida ya chakula, ao kuizuia isiingie mwilini. Mfano mkubwa uko kwenye meza zetu karibu kila siku, nao ni sahani ya maharagi na kikombe cha chai kando yake.

Chai inafanya nini tumboni?

Maharagi, sombe na lengalenga zina madini ya chuma, ambayo mwili unatumia kutengeneza damu. Shida ni kwamba chuma ya mimea inaingia mwilini kwa taabu, tofauti na ile ya nyama ao samaki. Ndani ya majani ya chai mna vitu vinavyoleta ule uchungu wa mdomoni. Vikikutana na chuma ya mimea tumboni, vinaishika, na sehemu kubwa inatoka nje pamoja na uchafu.

Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1983 ulipima jambo hili. Watu walikula mlo wa mukate na nyama ya kusaga. Walipokunywa chai pamoja nao, chuma iliyoingia mwilini ilipungua kwa 64 kwa 100. Kwa kahawa ilipungua kwa 39 kwa 100. Waliokunywa kahawa saa moja kabla ya kula hawakupoteza kitu, lakini waliokunywa saa moja baada ya kula walipoteza sawa na wale waliokunywa wakati wa kula. Kuongeza maziwa ndani ya chai hakubadilishi sana hali hiyo.

Kwa mtu anayekula nyama mara nyingi, hasara hiyo ni ndogo. Kwa familia ambayo chuma yake yote inatoka kwenye maharagi na sombe, ni hasara kubwa. Na familia za namna hiyo ni nyingi huku kwetu, zaidi kwa wale waliokimbia vita na kuacha mashamba na mifugo yao.

Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika Kongo mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 60 kwa 100 wenye miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake wenye miaka 15 hadi 49, walikuwa 38 kwa 100. Si chakula peke yake kinacholeta upungufu huo, kwa maana malaria na minyoo zina sehemu yao. Lakini chakula ni upande ambao mama anaweza kuurekebisha mwenyewe jikoni, bila kungoja mtu.

Kuna jambo la kusikitisha zaidi. Watafiti wa INERA, kwenye kituo cha Mulungu, Kivu ya Kusini, wamefanya kazi miaka mingi juu ya maharagi, zikiwemo mbegu zenye chuma nyingi kuliko za kawaida. Mkulima anazipanda, anavuna na kupika. Kisha kikombe kimoja cha chai kinarudisha nyuma sehemu ya faida hiyo.

Ndimu, mapera na nanasi

Habari njema ni kwamba dawa ya jambo hili inauzwa kwenye kila soko, kuanzia Birere mpaka Kadutu. Matunda yenye vitamini C yanafanya kazi ya kinyume na chai: yanaisaidia chuma ya mimea kuingia mwilini, na kiasi kinachoingia kinaweza kuongezeka mara mbili ao zaidi. Ndimu, machungwa, mapera, papai na mananasi ziko katika kundi hilo. Mapera, ambayo watoto wengi wanachuma bure kwenye miti, yanapita machungwa kwa vitamini hiyo.

Lakini lazima tunda liliwe ao maji yake yanywewe wakati uleule wa chakula. Mtu anayekula maharagi saa sita na kunywa maji ya maracuja saa kumi amefaidi maracuja, lakini maharagi yake hayakupata msaada. Tena, vitamini C inaharibika kwa moto. Ndimu ikamuliwe kwenye sahani ao kwenye maji ya kunywa, si ndani ya nyungu inayochemka.

Ndiyo sababu sombe inahitaji tunda kuliko vyakula vingine. Majani ya muhogo yana sumu, na lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu. Hakuna ruhusa ya kupunguza muda huo. Lakini moto huo mrefu unaua karibu vitamini C yote iliyokuwa ndani ya majani. Kipande cha nanasi ao nusu ya pera baada ya sombe kinarudisha kile ambacho moto umekula.

Sambaza, samaki mdogo mwenye kazi kubwa

Sambaza hakuzaliwa katika ziwa Kivu. Alitolewa ziwa Tanganyika na kuletwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wavuvi wanamfuata usiku kwa taa na mitumbwi iliyofungwa mitatu-mitatu, na asubuhi akina mama wanamgawa sokoni.

Uzuri wake ni kwamba analiwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo analeta kalisiyumu ya kujenga mifupa. Zaidi ya hayo, samaki ao nyama, hata kidogo, inasaidia chuma ya mboga iliyo kwenye sahani hiyohiyo kuingia mwilini. Mama asiyeweza kununua sahani nzima anaweza kutia wachache ndani ya lengalenga ao maharagi. Akikamulia ndimu juu yake, atakuwa ameunganisha wasaidizi wawili.

Na Primus yake? Kwa mtu mzima mwenye afya, utamu wa sambaza na bia baridi ni jambo la kawaida la nganda. Lakini chumvi ya sambaza inaongeza kiu, na bia haimalizi kiu hiyo, kwa maana pombe inautoa maji mwilini. Glasi ya maji kati ya chupa na chupa inasaidia. Mwenye mimba asinywe pombe kabisa. Lotoko ni hatari zaidi, kwa sababu nguvu yake haipimwi na inaweza kubeba sumu.

Vinywaji vya chupa ambavyo tunaviita sukre navyo vimekuwa alama ya heshima kwa mgeni. Tujue tu kwamba chupa ya kola ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, na haileti kitu kingine cha faida. Kwa mgeni huyo, glasi ya maji ya maracuja ao nanasi iliyotengenezwa kwa maji safi inabeba heshima ileile.

Wazee walijua

Kule Katanga, munkoyo unatengenezwa kwa unga wa mahindi na mizizi, kisha unaachwa uchache. Huku kwetu, musururu na uji wa mtama ulioota zinafuata njia inayofanana. Mbegu nyingi, kama vile mahindi, mtama na maharagi, zina kitu kinachofunga chuma, na kuotesha ao kuchachisha kunakipunguza. Kuloweka maharagi usiku na kumwaga maji yake kunasaidia pia kidogo. Tena yanaiva upesi, na mfuko wa makala unadumu.

Tufanye nini basi?

Hakuna anayeomba watu wa Kivu waache chai. Inalimwa kwenye milima yetu wenyewe, na asubuhi ya baridi bila chai ni ngumu. Kinachotakiwa ni kuipa saa yake.

Asubuhi, chai na mandazi ao mukate haina shida kubwa, kwa maana chuma iliyomo ni kidogo, hakuna nyingi ya kupoteza. Wakati wa bugali na maharagi, sombe ao lengalenga, tunywe maji safi, na tule tunda ao tukamue ndimu. Baada ya hapo tungoje saa mbili ndipo chai irudi mezani.

Mama mwenye mimba anayepewa vidonge vya chuma kwenye kituo cha afya asivimeze kwa chai ao kahawa, bali kwa maji, na vizuri zaidi kwa maji ya ndimu ao machungwa. Mtoto mdogo aliyeanza kula asizoeshwe chai, hata ikiwa nyepesi na yenye sukari, kwa sababu inashibisha tumbo lake dogo na kuzuia chuma anayohitaji ili akue. Ampe uji, maziwa ya mama na tunda lililopondwa. Na mtu mwenye kizunguzungu, uchovu usioisha ao viganja vyeupe asitegemee ndimu peke yake: aende kupimwa damu.