Aliyekufa kwa Kufunga, Nani Kamuua?

Mwanzoni mwa 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake, wanaodaiwa kuwaongoza waumini wafunge hadi kufa, walisomewa mashtaka chungu nzima katika mahakama za Mombasa na Malindi, yakiwemo ya ugaidi na ya ukatili dhidi ya watoto. Wakayakana. Katika rundo hilo kuna namba mbili ambazo wengi walizipita haraka: kuua watu 238 bila kukusudia, na kuua kwa kukusudia watoto 191. Zijumlishe upate 429, idadi ya miili iliyokuwa imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, kufikia wakati huo. Msitu ni mmoja na mhubiri ni mmoja. Kwa nini basi maiti zigawanywe mafungu mawili?

Nionavyo mimi, mgawanyo huo unaeleza ugumu wa upelelezi wa namna hii kuliko hotuba yoyote. Mtu mzima anayekataa chakula humwachia mwendesha mashtaka kitendawili. Wakili wa utetezi atasimama aseme: alifunga mwenyewe, kwa imani yake, na Katiba ya Kenya, kifungu cha 32, inalinda dhamiri na dini ya kila mtu. Itabidi ionyeshwe kwamba alisukumwa, akatishwa, au alipotaka kutoka alizuiwa. Lakini mtoto wa miaka minne hafungi. Mtoto hunyimwa. Hapo hakuna mjadala wa dini, kuna swali la nani alikuwa na chakula na nani aliamua asipewe.

Ndiyo maana kachero anayejua kazi yake hapotezi muda kubishana kama mafundisho ni ya kweli au ya uongo. Mackenzie angeweza kuhubiri mwisho wa dunia miaka 20 pale Malindi bila kuvunja kifungu chochote. Kinachotafutwa ni mikono: nani alichimba makaburi, nani alishika doria kwenye njia za kutokea, nani alibeba maji na nani aliamuru yasibebwe.

Sehemu kubwa ya majibu hayo ilikuwa chini ya udongo. Ufukuaji ulianza Aprili 21, 2023, katika eneo la ekari kama 800 ambalo waumini walikuwa wameligawa vijiji na kuvipa majina ya Biblia, Galilaya, Bethlehemu na mengineyo. Kaburi la kificho hujisaliti. Udongo uliowahi kuchimbwa haurudi ulivyokuwa. Huwa mlaini, mvua ikinyesha hudidimia, na majani yanayoota juu yake hayafanani na ya jirani. Akishalipata, mfukuaji makini huweka jembe kando na kushika kijiko na brashi, kwa sababu jinsi mwili ulivyolazwa ni ushahidi wenyewe. Kama mama na watoto wamo shimo moja, je, wamelazwa tabaka moja au kuna udongo katikati? Udongo wa katikati una maana kwamba shimo lilifunguliwa tena, na aliyelifungua alikuwa hai na mwenye nguvu za kuchimba.

Kisha huja zamu ya daktari wa upasuaji wa maiti. Njaa huacha alama kwenye mwili ambao haujaoza sana: mafuta chini ya ngozi yamekwisha, tumbo ni tupu. Mwili ukishabaki mifupa, alama hizo hazipo, na daktari mkweli ataandika kwamba chanzo cha kifo hakikubainika. Hata hivyo, timu ya mpasuaji mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, ilieleza mapema kuwa si wote waliokufa kwa njaa. Wapo waliokabwa, wakiwemo watoto, na wapo waliopigwa kichwani. Kooni kuna mfupa mdogo, mwembamba, uliopinda kama upinde, ambao kwa mtu mzima huweza kuvunjika anapokabwa. Kwa mtoto mfupa huo bado ni laini, hupinda tu bila kuvunjika. Kwa hiyo ukiambiwa mfupa ulikutwa mzima, usikimbilie kusema mtoto hakukabwa.

Tahadhari kama hiyo ilihitajika Mei 2023, pale hati ya kiapo ya mpelelezi iliposema mahakamani kuwa baadhi ya miili ilikosa viungo. Kwa siku kadhaa habari ikawa ni biashara ya viungo tu. Mwili unapooza, viungo laini huyeyuka, ubongo ukiwa miongoni mwa vya kwanza. Kiungo kutoonekana ni jambo moja, kiungo kukatwa na kutolewa ni jambo jingine, na la pili linahitaji alama ya kisu. Mashtaka yalipoandikwa, biashara ya viungo haikuwemo. Sisi wa vyombo vya habari tulikuwa tumeshahamia kwingine.

Anayeona taratibu hizi ni kuchelewesha haki na atazame Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Machi 17, 2000, waumini wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa. Neno la kwanza lililotangazwa lilikuwa "wamejiua". Siku chache baadaye yakafukuliwa mashimo katika nyumba nyingine za kundi hilo, hadi Kampala, yenye miili ya watu waliokufa kabla ya moto ule; baadhi walikuwa wamenyongwa. Lakini miili ya waliokufa motoni ilikuwa imeshasukumwa na tingatinga kaburini, na kwingineko wafungwa walitumwa kufukua maiti kwa mikono. Hati za kuwakamata viongozi zilitolewa. Hakuna aliyewahi kushtakiwa.

Ya Shakahola nayo hayakuwa mepesi. Ili kuujua mwili ni wa nani, vinasaba vyake hulinganishwa na vya ndugu wa damu: mate ya mama, ya baba, ya mtoto. Sasa utafanya nini pale ambapo mama, baba na watoto wote wamo msituni? Inabidi kutafuta shangazi au babu, na kadiri udugu unavyokuwa wa mbali ndivyo jibu linavyokosa uhakika. Dawati la Msalaba Mwekundu Malindi liliandikisha zaidi ya watu 600 waliotafutwa na jamaa zao. Miili ya kwanza kukabidhiwa familia ilitoka mochari Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa.

Mashahidi walio hai nao si wa kawaida. Juni 2023 waliookolewa 65 walipelekwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua, baada ya kugoma kula katika kituo walikohifadhiwa. Mimi naona hilo lilikuwa kosa la serikali. Mtu uliyemshtaki leo hatakuwa shahidi wako kesho, na aliyefundishwa kwamba dola ni adui umempa uthibitisho.

Linaloniudhi zaidi ni karatasi zilizokuwepo tangu mwanzo. Mackenzie alikwishakamatwa 2017 na 2019. Machi 2023, akihusishwa na vifo vya watoto wawili, aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Ndugu walikuwa wamepiga ripoti, na kamati ya Seneti iliyochunguza mkasa huu ililaumu vyombo vya usalama kwa kupuuza dalili.

Basi wewe ambaye ndugu yako ameuza shamba, amewatoa watoto shuleni na kumfuata mhubiri asikojulikana, usiishie kulalamika kwa majirani. Andika tarehe ya mwisho mliyozungumza na namba aliyotumia. Hifadhi picha zake na ujumbe wake. Nenda kituo cha polisi, na usiondoke kaunta kabla hujapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.