Mkasi Mweusi wa Kinyozi

Katika bweni letu mimi ndiye kinyozi. Kila Jumamosi, usafi ukiisha, wenzangu huja mmoja mmoja na kuketi kitini, kwa kuwa sheria ya shule yataka nywele fupi. Umeme ukikatika mashine haina kazi, na hapo ndipo mkasi huonyesha heshima yake. Nataka kuwaeleza namna ya kuuchagua na kuutunza, hasa ule mweusi unaopendwa na vijana, kwa sababu mimi nilikosea na kosa langu liliwaumiza wengine.

Muhula uliopita tulichanga shilingi 1,000 kila mtu. Tulikuwa 24, nami nikatumwa mjini na fedha hizo. Dukani niliona mikasi miwili ya bei moja: mmoja mweupe, wa pili mweusi tititi unaong'aa. Sikuufungua wala kuujaribu. Nikauchukua ule mweusi, nikarudi kwa maringo. Baada ya wiki tano weusi ukaanza kubanduka kama magamba ya samaki, na chini yake palikuwa na kutu. Jumamosi moja ukamng'oa nywele mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza hata machozi yakamtoka. Niliona haya sana. Kweli wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Kemia, naye akanifundisha. Weusi wa mkasi si wa aina moja. Kuna rangi iliyopakwa tu, ambayo hubanduka upesi. Tena kuna ganda gumu la titaniamu lililochanganywa na vitu kama naitrojeni, kaboni au alumini, ambalo hugandishwa juu ya chuma ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Ganda hilo ni jembamba mno, sehemu chache tu za elfu za milimita. Hupunguza kutu na mikwaruzo, lakini halikati nywele. Hata mkasi uitwao wa titaniamu, mwili wake kwa kawaida ni chuma cha pua, na chuma hicho ndicho kikatacho. Ndiyo sababu miji kama Solingen huko Ujerumani na Seki huko Japani ilipata sifa kwa ufundi wa chuma na makali.

Basi, ukienda kununua, kwanza fungua mkasi, shika mkono mmoja na uuache wa pili ushuke wenyewe. Ukianguka mpaka ukajifunga, skrubu imelegea. Ukikwama juu, imekazwa mno. Mzuri hushuka taratibu na kusimama kabla ya kufunga. Pili, mwombe mwenye duka ukate karatasi laini iliyoloweshwa maji. Ikikatika sawasawa hadi nchani, makali ni mema. Ikikunjwa au kutafunwa, uache. Tatu, tia vidole uone kama matundu yanakutosha. Kwa kukata juu ya kitana, urefu wa inchi 6 au 7 wafaa. Rangi iwe ya mwisho kutazamwa.

Utunzaji hauna gharama kubwa. Kila ukimaliza kichwa kimoja, futa nywele, kisha safisha mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 na kuuacha ukauke. Usitumie dawa ya kupaushia nguo, kwani hula chuma. Mwenye punye aende zahanati kwanza. Weusi wa mkasi hauui ugonjwa. Jioni tia tone moja la mafuta ya cherehani penye skrubu, fungua na kufunga mara chache, halafu uuhifadhi katika kitambaa kikavu. Usikatie karatasi wala uzi, wala usiuangushe sakafuni. Ukiwa butu, mpelekee fundi ajuaye mikasi ya nywele, kwa maana jiwe la kunolea visu likizungushwa kwa kasi laweza kuuchoma chuma na kukiondolea ugumu wake. Ukirudi na makali meupe usishtuke. Ganda limeondoka hapo kwa kunolewa, na hilo si kasoro.

Wakati wa likizo nilipalilia shamba la jirani kwa ujira, nikapata fedha za kununua mkasi mwingine. Safari hii nilijaribu mitano mbele ya mwenye duka, naye akanicheka. Nilioununua ni mweupe, nao unakata vizuri hata leo. Simchukii apendaye mweusi. Ulio bora upo, na ukitunzwa hudumu. Lakini ukibeba fedha za wenzio, usichague kwa macho peke yake. Yule mdogo wetu aliketi tena kitini Jumamosi iliyopita. Mwanzoni alijikunja shingo kwa hofu, kisha akasinzia.